Mguu Kwenye Mafuta

Inspekta Jelagat alipofika Riverdale Park, mtaa wa huko ughaibuni, asubuhi ile, maiti ilikuwa bado imebanwa kati ya bampa ya gari na mlango wa gereji. Marehemu Laurean, mtu wa Bukoba, alikuwa na kandambili mguu mmoja tu. Ya pili ilikuwa chini ya gari.

Jelagat alijua kwa nini ameitwa yeye. Shahidi pekee alikuwa akilia kwa Kiswahili, na katika kituo kizima hakuna mwingine ambaye angemsikiliza bila mkalimani. Shahidi huyo aliitwa Lusekelo. Alikuwa shemeji wa marehemu, mtu wa Tukuyu, na aliishi kwa dada yake katika nyumba hiyohiyo.

"Nani alikuwa anaendesha?" Jelagat aliuliza.

"Mimi, afande. Lakini si mimi niliyemuua. Ni gari."

"Gari liliamua lenyewe?"

"Waya wa mafuta ulinasa. Shemeji alikuwa mbele, ananielekeza nisogee hadi mlango wa gereji. Nikaondoa mguu, pedeli ikabaki chini. Nikaingiza kidole cha mguu chini yake niivute juu. Wapi!"

"Na breki?"

"Nilikanyaga kwa nguvu zote. Gari likakaidi."

"Halafu?"

"Nikazima. Nikafungua boneti, nikaunyosha ule waya, nikautia oili ili usije ukamuua mwingine."

Jelagat aliandika kila neno. Yalikuwa maelezo mazuri, mazuri kupita kiasi, na hilo ndilo lililomkera. Mtu ambaye shemeji yake anakata roho mbele ya macho yake anapata wapi muda wa kutia oili?

Mjane, Adela, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, akiwa na sare yake ya kuhudumia wazee. Hakulia. Alimvuta Jelagat pembeni, akamshika mkono kwa nguvu.

"Dada, niambie kitu kimoja tu. Ni gari, au ni kaka yangu?"

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Kwa sababu ndiye ndugu pekee niliye naye huku. Kama ni gari, nitamtetea mpaka mwisho. Kama ni yeye, sitaki kumpikia hata chai."

"Nitakuambia ukweli," Jelagat alisema, akajuta papo hapo. Ahadi za namna hiyo humnyima mpelelezi usingizi.

Gari lilivutwa hadi karakana ya polisi. Mkaguzi wa magari aliitwa Fahmi, mtoto wa Mombasa, mtu wa maneno mengi na mikono safi kupita ilivyotarajiwa kwa kazi yake.

"Ukitafuta waya humu utazeeka," alisema Fahmi. "Gari hili halina. Pedeli haivuti kitu. Ina sensa mbili, zaiambia kompyuta mguu umekanyaga kiasi gani. Kompyuta ndiyo yafungua kilango cha hewa cha injini, kwa mota ndogo."

"Na kompyuta ikirukwa na akili?"

"Ndiyo maana sensa ni mbili, zachungana kama wake wenza. Moja ikidanganya, injini yanyimwa nguvu, gari latambaa. Na ukikanyaga breki pamoja na mafuta, ya breki ndiyo husikilizwa. Nimepima zote. Nzima kabisa."

Jelagat hakuridhika. Katika kazi yake alikuwa ameona mashine zikisingizia watu, na watu wakisingizia mashine. "Kile kisanduku cha kumbukumbu kinasemaje?"

"Nimeshakidownload. Mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Breki haikuguswa."

"Labda alichanganya pedeli. Watu huchanganya."

"Labda. Lakini aliyechanganya hushtuka anapogonga, akaondoa mguu. Huyu alipogonga, mguu ulibaki palepale."

Jelagat aliagiza Lusekelo aletwe karakana. Alimsomea haki zake, hata ile ya kukaa kimya. Lusekelo akasema yuko tayari kuongea, hana cha kuficha.

"Vizuri. Nionyeshe waya."

Lusekelo alilisogelea gari kwa kujiamini. Kule kwao alikuwa ameendesha pikapu kuukuu ya kiwanda cha chai, na mara ngapi alikuwa ameufunga waya wake kwa kamba kando ya barabara! Lakini huku gari likiugua hupelekwa kwa wenye leseni. Alihangaika hata kupata pa kufungulia boneti. Ilipofunguka, alikuta mfuniko mweusi wa plastiki umefunika injini yote.

Aliinama. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia.

"Uko wapi?"

"Upo, afande. Labda kwa chini."

"Oili uliitia wapi?"

Lusekelo aliendelea kupapasa.

"Gari hili halijawahi kuwa na waya tangu liundwe, bwana. Kuna pedeli, na kuna mguu. Huo mguu ulikuwa wa nani?"

Lusekelo alifunga boneti taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Wangu," alisema.

"Kwa nini?"

"Mama yetu alifariki mwezi uliopita, kule nyumbani. Wakampigia shemeji, maana ndiye mkubwa wa nyumba huku. Akawaambia mzikeni, mimi na Adela tusiambiwe. Adela ana mtihani wa uuguzi, atachanganyikiwa. Na mimi akaona sitaweza kunyamaza. Mimi, mtoto wa kwanza! Udongo wa kwanza katupa binamu."

"Ulijuaje?"

"Binamu mwenyewe alinitumia picha ya msalaba wa kaburi la mama asubuhi ile, akidhani tumeshaambiwa. Na kila Jumapili shemeji ananiletea salamu za mama. Salamu za marehemu, afande! Na mimi nazijibu."

"Mkagombana."

"Angegombana ningepoa. Nilimwonyesha picha, akasema, 'Nilifanya kwa faida yenu'. Kisha akaenda kusimama mbele ya gereji, akanipungia mkono nisogeze gari. Kama vile tumemaliza. Nikakanyaga. Nikasikia mlango unabonyea, na bado sikutaka kuacha."

Jelagat alimwonea huruma, na akaichukia huruma hiyo, maana mtu aliyebanwa pale mlangoni hakuonewa huruma na yeyote. Alimfunga pingu mwenyewe.

"Afande, nakuomba," Lusekelo alisema. "Adela bado hajui habari za mama. Mtihani ni wiki ijayo. Usimwambie kwanza. Mwache afanye, ni kwa faida..."

Alimtazama Jelagat kama mtu aliyejiona kwenye kioo cha dukani bila kutarajia.

Jelagat hakumsaidia.

Lusekelo alifuta uso kwa bega, mikono ikiwa nyuma.

"Mwite," alisema. "Nitamwambia yote mawili."

Jelagat akatoka kwenda kumwita Adela.