Tundu Katika Kizimba cha Sungura

Kila jioni alipotoka shuleni, msichana Kaveke alivua sare, akachukua mundu na gunia, akateremka hadi kwenye vishamba vya Silanga, mtaani Kibera, vilivyo karibu na bwawa. Huko alikata nyasi na kuokota majani ya sukuma wiki yaliyotupwa kwa sababu yameanza kuwa manjano. Mama yake, Wayua, aliuza mboga kando ya njia, lakini alikuwa na sheria moja: mboga za wateja si za sungura.

Sungura walikuwa wawili, Pamba, jike mweupe, na Kijivu, dume mwenye masikio marefu. Mapema Desemba mwaka 2007, Pamba alizaa watoto watano. Kizimba chao kilikuwa nyuma ya nyumba. Ndani mlikuwa na mkebe wa chakula, chupa ya maji iliyoning'inizwa kichwa chini na kisanduku kilichojaa nyasi kavu.

Jirani yao alikuwa Shiundu, seremala aliyetoka Kakamega. Aliishi na binti yake Mercyline, aliyesoma darasa moja na Kaveke. Siku moja Shiundu alikitazama kizimba, akaona tundu chini ya ubao wa nyuma. Akalipima kwa ngumi yake.

"Kaveke, hapa nguchiro anapita bila shida."

"Nguchiro ni nani, Baba Mercyline?"

"Mnyama mwembamba, mwenye mkia mrefu. Nimemwona kule bwawani akikimbiza panya. Anakula nyoka, anakula kuku, na sungura hamwachi. Paka shume naye ni vivyo hivyo." Alimkatia kipande cha wavu wa waya. "Ziba leo. Usingoje kesho."

Kaveke alikusudia kuziba. Lakini alikuwa na kengele mbili ndogo alizozitoa kwenye bangili kuukuu, na kwa siku nyingi alitamani kuwavisha sungura wake. Alifumua ule wavu, akatengeneza kola mbili za waya na kuzitia kengele. Pamba na Kijivu walipotembea, zililia kwa sauti tamu. Kwenye tundu alisokomeza kipande cha gunia.

Kesho yake Shiundu aliuliza, "Umeziba?"

"Nimeziba," Kaveke akajibu, macho yake yakiwa chini.

Siku ya kutangazwa matokeo ya uchaguzi, Kibera ililipuka kwa ghasia. Moshi ulitanda upande wa Soko la Toi, na watu walikimbia wakiwa wamebeba magodoro kichwani. Mama alitupa nguo ndani ya mfuko. "Twende kwa shangazi yako Kawangware. Sasa hivi!"

"Na sungura?"

"Mwanangu, tuokoe roho zetu kwanza."

Shiundu alisimama mlangoni pake. "Nendeni salama, Mama Kaveke. Nyumba nitaiangalia."

Kawangware nako hakukuwa shwari, lakini ploti ya shangazi, ua wa nyumba za kupanga, ilikuwa na geti la chuma. Huko Kaveke alisikia watu wazima wakinong'ona kila siku: kabila hili limefanya hivi, kabila lile limefanya vile. Yeye aliwaza kile kipande cha gunia. Kila mara alipoletewa chakula, alikumbuka kwamba hakuna aliyewapa sungura wake chakula.

Walirudi mapema Machi, viongozi walipokwisha kupatana. Kufuli lilikuwa mahali pake, na hakuna hata sufuria iliyopotea. Kaveke alikimbia nyuma ya nyumba. Kizimba kilikuwa kitupu. Manyoya ya kijivu yalikuwa yamenasa kwenye ubao, na kengele moja ilikuwa imelala kwenye vumbi.

Mama alifika nyuma yake, akashika kiuno. "Wamewala! Watu niliowaachia nyumba wamekula sungura wa mtoto! Kumbe yaliyosemwa kule Kawangware ni kweli. Watu wa kabila lao ni hivyo hivyo."

Akageuka, akaenda moja kwa moja kwa Shiundu. Kaveke alilitazama tundu. Gunia lilikuwa limevutwa nje na kuraruliwa vipande vipande. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini mama alikuwa tayari ameinua mkono kugonga mlango, na majirani wawili walikuwa wamesimama kusikiliza.

"Mama, usigonge!" Kaveke alipiga kelele. "Ni mimi!"

"Wewe umefanya nini?"

"Sikuziba tundu. Waya nilitengenezea kola za kengele. Nilimdanganya Baba Mercyline kwamba nimeziba." Machozi yalimtiririka. "Hawakuwala, Mama. Ni nguchiro aliyeingia."

Mlango ukafunguka. Shiundu alikuwa amesimama hapo. Alikuwa amesikia yote. Alisogea kando tu, akawaonyesha kwa mkono waingie.

Ndani, kando ya kitanda, kulikuwa na kizimba kipya. Pamba alikuwa humo, amenenepa, pamoja na sungura wanne wakubwa. Mercyline alikuwa amechuchumaa akiwapa nyasi.

"Sasa, Kaveke?" alimsalimu. "Nilijua utarudi."

Kaveke alipiga magoti akamshika Pamba.

"Siku ya pili baada ya ninyi kuondoka, nilisikia kelele," Shiundu alieleza. "Nilikuta nguchiro amemuua Kijivu na mtoto mmoja. Kengele, mwanangu, inamfurahisha mwenye sungura. Adui wa sungura inamwita aje kula. Basi tukawaleta hawa ndani."

"Mbao ulizitoa wapi siku zile?" Mama aliuliza kwa sauti ya chini.

Mercyline akacheka. "Ni meza yetu, Mama Kaveke. Siku hizi tunaweka sahani magotini."

"Na nyasi?"

"Nilikuwa nakata kando ya reli. Siku moja moshi wa polisi wa kutoza machozi ulinipata huko, macho yakawaka moto. Lakini gunia sikuliacha."

Mama alikaa kitini, akafunika uso kwa leso. Kisha akainuka, akamshika Shiundu mkono kwa mikono yake miwili. "Nilikuja kukutukana, Baba Mercyline. Nisamehe. Asante. Asante sana."

"Yamekwisha," alisema Shiundu. "Sisi sote tumeogopa miezi hii."

Jumamosi iliyofuata walijenga kizimba cha nje, chenye miguu mirefu na waya pande zote. Safari hii Kaveke mwenyewe ndiye aliyepigilia misumari, na Shiundu alikagua kila pembe kwa vidole. Kola ya Pamba ilitolewa. Kaveke alichagua sungura wawili walio wazuri zaidi, akampa Mercyline. Mbao za kizimba cha ndani zikawa meza tena, na siku hiyo familia mbili zilikula juu yake.

Walipokwisha kula, Mama aliwatazama wasichana wale wawili.

"Kaveke, uongo wako ulikuwa mdogo, nao ulimuua Kijivu. Halafu karibu uniondolee jirani, maana mimi niliuongezea maneno ya watu. Nyumba nyingi zimechomwa hapa kwa maneno ambayo hakuna aliyeyahakikisha. Leo tuna meza ya kulia na watu wa kula nao kwa sababu ulisema kweli kabla sijagonga mlango. Ukikosea tena, na utakosea, niambie mapema."