Betri ya Kamera ya Mzee Makokha

Likizo ya Agosti, Nasike alikuwa na kazi zake za kila asubuhi pale Sirisia: kufagia uwanja, kumsaidia nyanya yake kukamua ng'ombe, na kumchunga mdogo wake Tonny, mtoto wa miaka miwili. Mama yao, Dinah, alifanya kazi Kitale katika shamba la mbegu za mahindi, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Kazi zikiisha, Nasike aliketi mezani kwa babu yake, Mzee Makokha, akaendelea kuifufua kamera.

Ilikuwa kamera ya zamani, ya kutumia filamu. Mzee Makokha aliwapigia watu picha za harusi nayo mjini Kitale, mpaka simu zilipomnyang'anya wateja. Ikakaa sandukuni miaka mingi, betri ikaozea ndani. Alipompa Nasike, alimwekea sharti moja.

"Ukipoteza hata skrubu, inarudi sandukuni, na hutaiona tena. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Kuka," alijibu Nasike. Ndivyo wajukuu wa huko wanavyomwita babu, naye nyanya huitwa Kukhu.

Alikwangua kutu ya kijani kwa kijiti chenye pamba na siki. Babu akamletea kutoka Bungoma betri mpya, bapa na ya mviringo kama kifungo cha koti. Nasike alipoitia, sindano ya kupimia mwanga iliruka.

"Si nilikwambia iko hai, bana!" Babu alicheka, akaenda zake shambani.

Muda si muda sindano ikalala tena. Nasike akaitoa betri ili apanguse kutu iliyobaki, akaiweka kando. Mara rafiki yake Phelista akaita langoni, "Wee fundi! Maji yamekuja bombani. Ati unangoja foleni ifike hadi kule Myanga?" Nasike akanyakua mtungi, akatoka mbio.

Aliporudi, betri haikuwepo. Aliitafuta chini ya meza, chini ya mkeka, hata ndani ya viatu. Tonny alikuwa ameketi mlangoni akikohoa, machozi yakimlengalenga. Wazo baya lilimjia Nasike, akalifukuza. "Imebingirika tu," alijiambia. Babu alipouliza kazi inaendeleaje, alisema, "Vizuri, Kuka."

Jioni Tonny alikataa ugali. Mate yalimchuruzika hadi kifuani, na kilio chake kikawa cha kukwaruza. Nasike alilala akiutazama ukuta. Akisema, kamera imekwenda. Asiposema... Hapo aliacha kufikiri.

Kulipokucha, Kukhu alimpanua mtoto kinywa, akachungulia. "Hii ni kimeo. Kile kinyama cha kooni kimevimba. Hata mama yako alikatwa, akapona. Nasike, kimbia dukani ulete wembe mpya. Nimemwita Absalom, yule mkata vimeo, aje amkate."

Nasike alikwenda. Wembe ni kitu chepesi, lakini wakati wa kurudi miguu yake ilikuwa kama imebebeshwa gunia la mahindi. Alimkuta Absalom amekwisha kunawa mikono. Kukhu alikuwa amempakata Tonny, amembana mikono kwa leso.

"Lete, mama," Absalom alisema.

Nasike akauficha wembe mgongoni.

"Wewe mtoto, unangoja nini?" Kukhu alifoka.

"Asikatwe, Kukhu! Si kimeo. Ni betri. Nafikiri alimeza betri ya kamera."

Mzee Makokha, aliyekuwa ameketi kando, akasimama. "Lini?"

"Jana. Kabla ya chakula cha mchana."

Hakumpiga wala hakumkaripia. Alitoka bila viatu kwenda kuita pikipiki, na jambo hilo lilimtisha Nasike kuliko fimbo.

Hospitalini mjini Bungoma, picha ya eksirei ilionyesha duara jeupe kooni mwa Tonny. Daktari Chelangat alimlaza usingizi, akaitoa betri kwa mrija wenye taa. Ilitoka imegeuka nyeusi.

"Ikikwama huanza kuchoma ndani ya saa mbili tu," daktari aliwaambia. "Hii imekaa usiku kucha. Na mngemkata kimeo, angevuja damu bure, betri ibaki pale pale."

Kwa majuma mengi Tonny alilishwa kwa mrija uliopita puani. Kamera ilipona kabla yake. Mzee Makokha aliitia betri nyingine, sindano ikaruka, na hapakuwa na aliyecheka.

Hatimaye mrija ukatolewa. Dinah, aliyekuwa ameacha kazi Kitale ili amuuguze mwanawe, alimpa kijiko cha kwanza cha uji. Tonny akameza. Kisha akamwita dada yake, kwa sauti kavu kama ya mzee. Daktari alikuwa amewaonya kwamba huenda sauti ile isirudi ilivyokuwa.

Nasike aliangua kilio. "Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe," Dinah alisema. "Lakini sikiliza. Kusahau betri mezani ni kosa ambalo yeyote angelifanya. Kunyamaza ndiko kulikomchoma ndugu yako. Kitu kikipotea, sema saa hiyo hiyo. Ukigombezwa utalia, na yataisha. Haya hayataisha upesi."

Mzee Makokha alikohoa pale mlangoni. "Na mimi nilimtisha mtoto kwa skrubu, kana kwamba skrubu ni mtu. Tangu leo, atakayeniletea ukweli simpokonyi kitu."

Dinah akamkabidhi Nasike bakuli na kijiko.

"Haya, mlishe. Polepole."