Pacha wa Bi Taratibu

Lifti ya hospitali ilikuwa imegoma tena, na watu walijazana mbele ya mlango wake na chupa za chai na mikoba ya nguo za wagonjwa, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa macho. Katikati yao alisimama dada mmoja mwembamba, gauni la kijani, raba nyeupe miguuni, amekumbatia mpira mkubwa uliomfika kidevuni.

Fundi wa lifti alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja ndani ya kisanduku cha nyaya. Aligeuka kuomba watu wasogee, akauona mpira kabla ya kumwona mwenye mpira.

"Dada, mechi inaanza saa ngapi?"

Watu wakacheka. Yule dada alikaza uso, ila macho yalimsaliti.

"Imeshaanza. Mchezaji yuko ghorofa ya nne na anapiga kelele. Wewe maliza kazi yako."

"Ghorofa ya nne ni wodi ya wazazi."

"Ndiyo mechi yenyewe."

Fundi akamwachia mwenzake bisibisi, akauchukua mpira, akautupia begani. Wakapanda ngazi pamoja.

"Wewe ni nesi?" akauliza.

"Hapana."

"Mkunga?"

"Hapana. Mkunga anamshughulikia mtoto anayekuja. Mimi niko na mama. Akiwa na uchungu namkanda mgongo, namkalisha juu ya huo mpira, namkumbusha kupumua, namshika mkono. Nasindikiza wanaokwenda kujifungua. Nimejiajiri mwenyewe."

"Kwa hiyo unalipwa kushikwa mkono?"

"Kubanwa mkono, kaka. Tazama." Akamwonyesha alama za kucha za mteja wa wiki iliyopita. Fundi aliutazama mkono ule kwa muda mrefu kuliko alama zenyewe zilivyohitaji.

Mlangoni pa wodi aliomba namba. Dada huyo alikuwa na simu mbili, moja ya kazi na moja ya watu wake. Akampa ya watu wake. Kwenye simu hiyo aliitwa Taratibu, jina alilopewa na kaka zake tangu utotoni kwa jinsi anavyozungumza. Kwenye simu ya kazi alikuwa na jina jingine, na hilo hakulitaja.

Mapenzi yalianza kwa simu.

"Umelala, Taratibu wangu?"

"Nimelala. Anayeongea ni mto."

"Basi mwambie mto nimemkumbuka mwenyewe."

Wakawa wanatoka pamoja, naye Fundi akajifunza kuachwa mezani. Simu ya kazi ililia wakati sahani ndiyo kwanza zinawekwa, Taratibu akanyakua mkoba wake wenye mafuta ya kukandia na taulo, akambusu shavuni na kukimbia. Fundi alikula sahani zote mbili. "Nimeanza kunenepa kwa ajili ya wake za watu," alimwambia siku moja, na Taratibu alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini kulikuwa na jambo lililomfanya anyamaze ghafla katikati ya kicheko.

Alipoanza biashara hakuna aliyemtaka. Kazi aliijua, alijifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa kukaa na wakunga waliomwonea huruma. Lakini kila mjamzito alimuuliza swali lilelile: "Wewe una watoto wangapi?" Akisema hana, mazungumzo yalipoa hapohapo. Mteja wake wa kwanza alikuwa jirani aliyemkubali kwa kushindwa tu kumkatalia. Huyo, uchungu ulipopamba moto, alimsukuma. "Toka hapa! Unajua nini wewe? Umeshawahi kuzaa?"

Taratibu, akitaka tu yule mama atulie, akasema: "Nimezaa pacha."

Mama akatulia. Akamshika mkono, hakuuachia mpaka mtoto akalia. Alipopata nguvu alimtangaza kwa kila aliyekuja kumpongeza: mtafuteni Mama Pacha.

Jina likashika, wateja wakaja, kadi za biashara zikachapwa kwa jina hilo. Wakitaka kusikia ilikuwaje, aliwasimulia. Miguu iliyovimba aliiazima kwa mteja mmoja, kilio cha kusukuma kwa mwingine, akashona uzazi wake kwa vipande vya uzazi wa wenzake. Walipojifungua walimletea zawadi za pacha: vijishati viwili vya rangi moja, kofia mbili. Alizipokea kwa mikono miwili, ameinamisha uso. Wakasema ana adabu. Ilikuwa ni aibu.

Jumapili moja Fundi akampeleka kwa dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya baba yao kufariki. Taratibu alivaa gauni la zambarau na mkufu mwembamba. Fundi alipiga pasi shati jeupe mara mbili. Dada alikuwa na mimba yake ya kwanza, tena ya miezi mikubwa, na mumewe, dereva wa malori, alikuwa safari. Mlango ulipofunguliwa lilitangulia tumbo, ndipo akaja mwenyewe.

"Karibu, wi... Ala! Si Mama Pacha huyu?"

Taratibu alihisi masikio yakiwaka.

"Ulimsindikiza mhasibu wetu kazini! Kila siku anakutaja, na picha yako ametuonyesha. Nilikuwa nataka kukupigia!" Akamgeukia mdogo wake. "Wewe, hii dhahabu umeiokota wapi? Haya, wifi, na pacha hawajambo?"

Mdomo wa Taratibu ulikuwa umejibu swali hilo mara nyingi mno. Ukajibu tena kabla hajauwahi.

"Hawajambo."

Hakujua alichokula siku hiyo. Dada mtu aliongea peke yake, akamwomba amsindikize, wakakubaliana palepale. Fundi alikuwa akizungusha glasi yake ya maji bila kuinywa.

Kwenye ngazi za kushukia ndipo alipofungua mdomo.

"Una watoto wawili."

"Sina."

"Nimekusikia kwa masikio yangu. Umesema hawajambo."

"Nilisema tu. Sina mtoto hata mmoja, naapa."

Fundi akasimama. "Sikiliza. Watoto wasingekuwa tatizo. Ningewabeba wote wawili, huku mmoja na huku mmoja. Lakini mama anayewakana wanawe mchana kweupe..."

"Ndiyo ukweli, mpenzi!"

"Na vile vijishati nilivyoviona kwako? Viwili, vinafanana. Ulisema ni vya mteja."

"Ni vya mteja. Yaani, alinipa mteja. Alinipa niwape..." Aliyekuwa akiusema ukweli ndiye aliyeonekana mwongo, na hakuwa na wa kumlaumu.

"Nilidhani nakufahamu," Fundi akasema, akatangulia kushuka.

Baada ya siku hiyo simu za Taratibu hazikupokelewa. Angeweza kumfuata na kumweleza yote. Lakini kueleza kulimaanisha kusema kwa nini nusu ya mji inamwita Mama Pacha, na kila alipoandika ujumbe aliusoma, akajiona alivyo, akaufuta. Fundi naye, huko kwenye mashimo ya lifti, alitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Alimpenda bado. Aliona haya kumpenda.

Dada mtu hakuambiwa kwamba hao pacha hawapo. Taratibu alijitetea moyoni kwamba mjamzito ambaye mumewe yuko safari haongezewi mzigo. Hilo lilikuwa kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba aliogopa kumpoteza mteja.

Asubuhi moja simu ya kazi ikalia.

"Mama Pacha! Chupa imepasuka! Mdogo wangu ananiendesha, tukutane hospitali!"

Aliwakuta wodini. Fundi alikuwa mlangoni ameshika begi la nguo, ovaroli yake imefungwa vifungo kombo. Walisalimiana kama watu wanaosubiri foleni moja. Taratibu akanawa mikono, akapaka mafuta, akaanza kumkanda dada mtu kiunoni. Mikono yake ilijua kazi.

"Vizuri. Taratibu. Usishindane nao, uache upite."

Uchungu ulipopungua dada mtu akageuza uso uliolowa jasho. "Niambie, Mama Pacha. Wewe ulivumiliaje? Tena wawili!"

Hadithi ilikuwa tayari ulimini. Akainua macho. Fundi alikuwa akitazama vigae vya sakafu, na usoni mwake hapakuwa na hasira tena; alikuwa akiona aibu kwa niaba yake. Hilo hakuliweza.

"Sikuvumilia," akasema. "Sina pacha. Sijawahi kuzaa."

Mkunga, aliyekuwa akiandaa vifaa vyake, akainua kichwa.

"Unasemaje?"

"Niliwadanganya wateja wangu wote. Nawe nilikudanganya."

Dada mtu alifungua mdomo, lakini uchungu ukamwahi. Alipopata pumzi aliitumia yote. "Mwongo! Mwongo mkubwa wewe! Nami nilikutegemea!"

Taratibu akaanza kuuondoa mkono wake polepole, uso chini.

"Unakwenda wapi? Nani kakuruhusu? Lete mkono hapa! Ukiniachia nakuua!"

"Mama," mkunga akasema, "mtagombana baadaye. Sasa hivi pumua."

"Napumua! Humwoni huyu mwongo?"

Fundi akatolewa nje, akatoka kinyumenyume, macho kwa Taratibu, akagonga kitoroli.

Mtoto wa kike alizaliwa jua likiwa juu. Alilazwa kifuani pa mama yake.

"Ulichagua wakati mbaya," dada mtu akasema hatimaye.

"Najua."

"Mbaya kupita kiasi."

"Najua, wi... najua, dada."

"Wapo wengine wanaokusubiri, wakiamini hivyohivyo?"

"Wapo."

"Utawaambia wewe, au niwaambie mimi?" Kisha, bila kumtazama: "Na mgongo bado unaniuma. Kanda."

Fundi alikuwa kwenye benchi la nje, karibu na dirisha la dawa. Alimsogezea chupa ya maji. Taratibu akaketi upande wa pili, akaacha nafasi ya mtu mzima katikati yao.

"Umekuwa mjomba. Mtoto wa kike."

"Nilikuita mama anayewakana wanawe," Fundi akasema.

"Ungejuaje?"

"Ningeuliza mara ya pili. Mtu ninayempenda ningemuuliza mara ya pili. Nimekaa hapa sijui nitakutazamaje."

"Wewe unaona haya? Mimi je, niliyezaa watoto kwa mdomo?"

Fundi alijaribu kutocheka, akashindwa, na kicheko kikamsukuma mpaka kwenye ile nafasi ya katikati. Hakumshika. Alikaa tu, mabega yao yakagusana.

Taratibu akatoa simu ya kazi. Akampigia mteja wa karibu zaidi, aliyetarajia mwezi ule ule. Alijieleza bila kupamba. Kisha akaishusha simu.

"Amesemaje?"

"Hakusema. Amekata."

"Piga mwingine."

Wa pili alisikiliza mpaka mwisho, akasema atafikiri, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kufikiri. Taratibu akafuta macho kwa kiganja.

"Biashara imekwisha, Fundi."

"Labda. Utaianza tena, kwa jina lako." Akakohoa. "Kuna mtu mmoja zaidi wa kumpigia."

"Nani?"

"Mama yangu."

"Mama yako anahusikaje?"

"Ile Jumapili dada alimpigia tulipotoka tu. Akamwambia nimepata mchumba mwenye pacha. Mama alifurahi mno. Niliposema nimekuacha, alinigombeza: watoto si kosa, nenda kamlete na wanawe. Ananigombeza mpaka leo."

Taratibu akafunika uso kwa mikono yote miwili. "Mungu wangu. Mpigie wewe."

"Aliye mtoto wake ni mimi, lakini aliyemzalia wajukuu ni wewe." Sauti ikashuka. "Nataka kukuoa, Taratibu. Hivyohivyo ulivyo, bila hao pacha. Ila kwa mama tuanze na ukweli, hata kama utatuchoma."

Akampa simu yake, namba ikiwa imeshaanza kuita. Taratibu aliiweka sikioni, akainuka, akaketi tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Akamtazama Fundi. Naye alikuwa amebana pumzi, akisubiri kusikia atajiitaje.

"Ni mkweo, mama," Taratibu akasema, uso unamwaka moto. "Keti kwanza. Nina jambo la aibu la kukwambia."