Kitambaa cha Kuchujia Mwani

Duka la vitambaa lilikuwa limejaa pomoni. Fundi cherehani, binti wa gauni la njano na futi shingoni, alishika jora la pamba nyeupe. Upande wa pili mwanamume akalivuta.

"Kaka, mimi nashona mashati ya shule!"

"Na mimi nachujia mwani mwekundu, dada yangu. Tunauchemsha, tunauchuja ungali moto, uji wake ukipoa unaganda. Tunaukausha, tunasaga. Ndio unga wa kugandishia peremende."

"Basi nitakushonea mifuko mimi. Kwa mikono hiyo utaniharibia kitambaa bure."

Wakacheka. Mifuko ikashonwa, mapenzi yakafuata. Kila mchana simu ililia: "Mpenzi, umekula?" Wakaanza kuzungumza habari za ndoa.

Siku moja binti alipeleka mifuko mipya kiwandani. Mlangoni pa chumba cha matangi, kwenye mvuke na ngurumo za mashine, akamsikia mpenzi wake akisema kwenye simu: "Nimehangaika mpaka basi, bosi. Nimeshamwaga."

Yeye akasikia *nimeshammwaga*. Kwamba keshaachwa.

Akaiweka mifuko chini taratibu, akaondoka. Simu akaizima.

Kesho yake jioni dada wa mpenzi wake alimjia mbio, kanga imemponyoka begani.

"Wifi, kulikoni? Kaka amekutafuta tangu jana! Leo kazini kainua miwani ya kukinga macho aangalie kwenye simu kama umepiga, ile dawa kali ya kulainishia mwani ikamrukia machoni."

"Si alisema amenimwaga?"

"Akumwage wewe? Kamwaga pipa la uji wa mwani, uligoma kuganda!"

Hospitalini alimkuta mpenzi wake amefungwa bandeji machoni hadi kwenye paji la uso. Mama wa mpenzi wake alikuwa kwenye kiti pekee kilichokuwapo, bakuli la uji kando yake.

"Nani huyo?" mgonjwa aliuliza.

"Mimi."

"Rudi nyumbani, mpenzi. Daktari kasema macho ndiyo basi. Sitaki uolewe nami kwa huruma."

"Sikuja kwa huruma. Nilikusikia vibaya, nikazima simu. Mimi ndiye..."

"Simu iliisha chaji," alimkatiza, mkono ukipapasa hewani mpaka ukampata. "Akiuliza mtu yeyote, chaji iliisha. Umenielewa?"

Binti akaukamata mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

Mama alikuwa amesikia yote. Alimtazama binti kwa muda mrefu, uso umekunjamana. Kisha akainuka, akakifuta kile kiti kwa upindo wa kanga.

"Kaa, mkwe wangu. Mlishe wewe huo uji. Kwangu mimi amekataa."