Seli za Wifi

Lifti ya jengo la ofisi ilikwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita saa nne asubuhi, ikiwa na watu tisa wanaobishana nani kabonyeza nini. Mmoja wao alikuwa msahihishaji wa vitabu, mwanamke mrefu aliyevaa gauni la bluu na viatu alivyovinunua jana yake. Milango ilipotanuliwa, fundi kijana mwenye ovaroli lililojaa grisi alichungulia kutoka juu, akamnyooshea mkono.

"Nishike, na usitazame chini."

Akatazama chini. Akamng'ang'ania fundi shingoni, na nusu ya grisi ikahamia kwenye gauni.

Jioni ile fundi alipiga simu ofisini kuuliza hali ya gauni. Kesho yake aliuliza hali ya mwenye gauni. Mwezi haukuisha, wakawa wameshapeana majina: mwanamke alimwita fundi "Ghorofa", naye akaitwa "Nukta", kwa kuwa hata ujumbe wa mapenzi aliurudisha umesahihishwa. Ghorofa alipoandika nimekukumbuka mpenzi, alijibiwa kwamba yeye pia amekumbukwa, ila kabla ya mpenzi huwekwa mkato.

Mwezi wa nane wa penzi lao Ghorofa alianza kupungua. Kola zilimlegea shingoni. Alisema ni kupanda ngazi. Jasho lilimtoka hata ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Simu zake zikawa fupi, halafu zikakoma. Nukta alimfuata karakana, akaambiwa yuko likizo. Siku mbili baadaye alimwona, mchana kweupe, akitoka duka la dawa, amekamatwa mkono na mwanamke wa gauni la manjano, mwanamke aliyembebea begi na kumfunga kifungo cha shati palepale barabarani.

Nukta hakuvuka. Alimwandikia tu: "Ungeniambia."

Jibu lilikuja baada ya saa nzima. "Nisamehe. Usinisubiri." Kwa mara ya kwanza alikuwa ameweka nukta zote mahali pake.

Alilia siku mbili, ya tatu akarudi kazini macho yamevimba. Wiki mbili zikapita ndipo simu ikalia mezani kwake, sauti ya kike asiyoijua.

"Wewe ndiye wifi yangu, au nimekosea namba?"

Nukta alitaka kukata, ila sauti haikumpa nafasi. Alikuwa mdogo wake Ghorofa, ndugu yake wa pekee, mwalimu wa chekechea aliyesafiri kutoka mji mwingine. Gauni la manjano lilikuwa lake. Akamwaga yote kwa pumzi moja: miaka mitatu nyuma kaka yake aliugua limfoma, saratani ya tezi za limfu, akatibiwa, ikatulia. Sasa imerudi, na safari hii dawa peke yake hazitoshi. Lazima apandikizwe seli shina, zile zinazozaa damu, kutoka kwa mtu mwingine. Wazazi wao walishafariki, na kokote kulikotafutwa hakupatikana mtu aliyelingana naye kikamilifu. Yeye mdogo mtu alipimwa, akaonekana amelingana nusu tu.

"Madaktari wanasema siku hizi nusu inatosha," akasema. "Mimi naogopa sindano, wifi, na naogopa ile nusu nyingine. Kaka amenikataza kukuambia. Lakini hofu hii siiwezi peke yangu."

Nukta aliweka kalamu chini. Kwanza aliona haya, halafu hasira, halafu hofu ikaingia na kuyafukuza yote mawili.

Saa nane mchana alikuwa hospitali. Ghorofa alikuwa nyuma ya kioo, katika chumba kisichoingiwa ovyo, kichwa kitupu, macho yamekuwa makubwa. Wakazungumza kwa simu ya ukutani.

"Ulitaka nikuchukie?"

"Ndiyo. Nilidhani ukinichukia hutaumia sana."

"Ulipima vibaya, fundi."

Ghorofa aliinamisha kichwa. "Naogopa, Nukta. Mara ya kwanza sikuogopa hivi. Mara ya kwanza sikuwa na wewe."

Nukta alimwomba daktari achukue seli zake yeye. Daktari, mama mpole mwenye miwani, alimweleza kwamba nusu ile hutafutwa kwa mzazi, mtoto au ndugu wa damu. Na hatari hakuzificha. Seli zingeweza kukataa kuota. Au zingeota, zikamwona Ghorofa ni mgeni, zikamshambulia ngozi, ini na matumbo. Ndiyo maana siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikizwa angepewa dawa kali ya kuzituliza. Kurudi nyuma hakukuwepo tena. Dawa alizokwisha kupewa zilikuwa zinaufuta uboho wake. Bila seli za mdogo wake, mwili usingeweza tena kuzaa damu.

Wifi alichomwa sindano za kuamsha seli siku nne mfululizo, mifupa ikimuuma kama aliyeanguka. Siku ya tano, siku ya kuzitoa, hakutokea. Nukta alimpigia mara sita. Alimkuta kwenye ngazi za lango la hospitali, amekumbatia mkoba.

"Miguu imekataa, wifi."

Nukta hakumhubiria. Alikaa kando yake, akamwambia kwamba hata yake inatetemeka, basi wapumzike kidogo, kisha waende nayo hivyohivyo. Wakaenda. Saa nne nzima wifi alilala na mirija mikono yote miwili, damu ikitoka huku, ikipita kwenye mashine na kurudi kule, na Nukta akimkuna pua kila ilipomwasha.

Mfuko wa seli zenyewe ulikuwa mdogo, rangi ya nyanya iliyotiwa maji. Ulipomaliza kuingia mwilini mwa Ghorofa, mwenyewe alikuwa amepitiwa na usingizi.

Kisha wakangoja. Homa ikapanda. Mdomo ukachubuka hata mate hayamezeki. Kila asubuhi muuguzi aliandika ubaoni hesabu ya chembe nyeupe za damu, na kila asubuhi ilikuwa sifuri. Siku ya kumi, sifuri. Ya kumi na tano, sifuri. Kazini Nukta aliyapita makosa ambayo hata mwanafunzi angeyaona. Wifi aliacha kula, akiamini kasoro ni ya seli zake. Siku ya kumi na nane daktari alisema wataangalia siku tatu zaidi, baada ya hapo itabidi wazungumze mengine.

Siku ya kumi na tisa muuguzi aliandika mia mbili. Ya ishirini, mia tano na kitu. Wifi alikaa sakafuni, akasema, "Zangu hizo," akalia.

Ghorofa aliporuhusiwa kutoka alimwambia Nukta kwamba anataka kumwoa, ila wangoje kipimo cha siku ya mia tangu kupandikizwa, wajue kama saratani imeondoka.

"Sitaki kuolewa na majibu," Nukta akamwambia. "Nataka kuolewa na wewe."

"Na yakiwa mabaya?"

"Nitayasikia nikiwa mkeo."

Siku mbili baada ya kipimo walisimama mbele ya msajili wa ndoa, bi harusi kwa gauni jeupe lisilo na madoido, bwana harusi kwa barakoa na suti inayompwaya, wifi akiwa shahidi. Kitabu kiliposogezwa, simu ikatetemeka mfukoni mwa Ghorofa, akaitoa. Namba ya hospitali. Wote watatu waliiona.

Nukta alitangulia kuchukua kalamu. Saini yake ikatoka kombo. Ghorofa akatia yake, wifi akatia yake. Ndipo simu ikapokelewa.

Daktari hakusema amepona. Alisema picha hazikuonyesha kitu, arudi baada ya miezi mitatu waangalie tena. Ghorofa akashukuru, akakata, akamtazama mkewe.

"Miezi mitatu," akasema.

"Tunayo," alijibu Nukta, akamshika mkono. Mikono yote miwili ilikuwa ya baridi, na hakuna aliyeuachia wa mwenzake.