Mchungandani na Figo ya Mgeni

Fahali wa mfugaji Sironka alimeza mchungandani kwa ustaarabu zaidi kuliko mtu anavyomeza kwinini. Mtambo huo, mdogo kama gololi, ulipita vyumba vyote vinne vya tumbo lake ukaenda kuripoti kazini mwisho wa utumbo mpana, mahali ambapo hakuna mhandisi aliyewahi kuomba ofisi. Huko ulinusa bakteria wabaya na kuwaachia virusi wanaokula bakteria tu. Bakteria hao hawamdhuru ng'ombe. Hutoka na kinyesi, hushika ngozi, na siku ya kuchinja huhamia kwenye nyama, kumsubiri mlaji.

Baada ya majuma machache hereni ya sikioni mwa fahali, inayopokea taarifa za mtambo, iliwaka kijani: yu safi. Akachinjwa mbele ya wafugaji wa bonde zima, waliokuja kuamua kama watampokea mchungandani au watamfukuza.

Sironka alikata figo, bado ina joto, akamnyooshea Aikande, mhandisi aliyeuunda mtambo. Figo mbichi ni ya mgeni wa heshima.

"Kula, mama. Ukiogopa wewe, ya nini ng'ombe wetu wameze gololi zako?"

Watu wakacheka. Aikande akapandisha blauzi kidogo ubavuni. Kisanduku kilichofungwa hapo kilikuwa kinavuma taratibu, kama friji.

"Nini hiyo?"

"Figo yangu, ya kiwandani. Zile nilizozaliwa nazo ziliharibiwa na bakteria hao hao nikiwa darasa la tatu, baada ya sherehe kama hii. Nyama ilikuwa tamu, sikatai."

"Pole, binti yangu." Sironka akashusha mkono. "Lakini hereni ni ya kijani. Huuamini mtambo wako mwenyewe?"

"Mtambo nauamini, mzee. Kisu chako je? Kabla ya figo kimechuna nini?"

Sironka alikitazama kisu. Kilikuwa kimechuna ngozi, na kabla ya hapo mbuzi wa jirani, ambaye hakumeza gololi yoyote. Akakifuta kwenye shuka.

"Na sasa?"

Safari hii walimcheka yeye, mpaka mkewe.

Sironka akaiweka figo juu ya makaa kwa mkono wake. Tangu azaliwe hakuwahi kuiona figo ya mgeni ikibadilika rangi.

"Baba angenichapa," alisema.

Ilipoiva, akakichovya kisu kwenye sufuria inayochemka, akaigawa: nusu ya Aikande, nusu yake. Akatafuna muda mrefu.

"Imekuwa kama maini tu," akasema polepole. Akameza. "Haya. Leteni hizo gololi."