Kidole cha Yangdol

Sitaki kuambiwa nipunguze hasira. Kila anayeniambia hivyo ana lake.

Jioni ile nilikuwa nimebeba wageni wawili kutoka Kolkata, Bwana Sanyal na mkewe. Siku tatu nzima nawazungusha milimani, monasteri hadi monasteri, na kila kona ni "dada, simama tupige picha." Nasimama. Kazi ni kazi. Lakini rohoni nilikuwa natokota, maana monasteri ya mwisho ilikuwa na sherehe ya vinyago, na mdogo wangu Yangdol alikuwa huko, amevaa perak yangu.

Perak ni vazi la kichwa la mawe ya feruzi, refu mpaka mgongoni. Mama humpa binti wa kwanza. Binti wa kwanza ni mimi. Mama akampa Yangdol, eti, "Wewe Chuskit unashinda na magari, utaivaa lini?" Akacheka, mbele ya watu.

Tulipofika kileleni, penye bendera za sala, nilishika usukani nikawaza: hiyo perak na imvunje shingo.

Halafu sikumbuki kitu.

Nilijikuta chini, darajani, kilomita ishirini mbele. Mikono imekufa ganzi. Ndani ya gari kulinuka moshi wa mreteni, ule mti unaofukizwa monasterini, na madirisha yote yamefungwa...

"Dada," mke wa Sanyal akaninong'oneza kutoka nyuma, "mbona ulikuwa unaendesha umefumba macho?"

Nikamwambia ni vumbi.

Monasterini ngoma zilikuwa zimenyamaza. Watu wamejazana uani, wacheza ngoma wameshika vinyago mkononi. Nikapenya. Yangdol alikuwa amelala chini, shingo imepinda upande, midomo ya bluu. Mtawa mzee alikuwa amemfunga uzi kwenye kidole cha pete, anakibana. Kwetu hakuna asiyelijua hilo. Kinachomwingia mtu namna ile ni roho ya mtu aliye hai, mwenye kijicho, na kidole kikibanwa itajitaja.

"Wewe ni nani?" mtawa akauliza polepole.

Pumzi tu... hrr... hrr...

Akabana zaidi. "Umetoka wapi?"

"Kileleni. Nimekuja na gari jeupe."

Haikuwa sauti ya Yangdol.

Ilikuwa yangu.

Watu wakanigeukia, wakarudi nyuma, nikabaki nimesimama peke yangu. Mama alikuwa amepiga magoti pale chini.

"Mwachie mwenzako, Chuskit," akaninong'oneza. "Nakuomba."

"Mama, mimi nimefika sasa hivi."

"Sema umemsamehe, mwanangu," mtawa akasema. "Sema upesi. Anaishiwa pumzi."

Mtoto yule nimembeba mgongoni miaka yote ya udogo wake. Nampenda. Nikainama, nikasema, "Nimemsamehe."

Yangdol akafumbua macho, akanitazama.

"Anadanganya," ikasema sauti yangu.

Mama hakungoja. Aliivua ile perak kichwani kwa Yangdol, akanitupia miguuni. Papo hapo Yangdol akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe. Akaomba chai. Akina Sanyal waliondoka kwa gari lingine, wala hawakuniaga.

Sasa perak ninayo. Mama hajavuka kizingiti changu tangu siku ile. Majirani wakiniona wanafunika maziwa, wayakinge na jicho langu. Naapa sikumtuma mtu, wala sijui uchawi. Nilikuwa na hasira, basi. Nani asingekuwa nayo? Wote wanauliza nilifanya nini, hakuna hata mmoja anayeuliza nilifanyiwa nini. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo.

Juzi nilikutana na Lhazes, jirani yangu, penye mfereji. Alimfunika mwanawe uso mpaka nikapita. Nilikwenda kuosha gari. Nakumbuka nilijaza ndoo, nikaishika, nikawa namwaza. Nilipozinduka jua lilikuwa limeshazama, maji ya ndoo yameganda barafu, na bado nimeishika.

Leo alfajiri wamempeleka Lhazes monasterini. Amebebwa. Nyumba yake na yangu ni hatua kumi, na gari langu lilikuwa hapo nje, lakini wamekwenda kukodi la kijiji cha pili.